Msitu wa Hatua Kumi Nyuma ya Madarasa



Kila masika yanapokaribia, shule na madrasa zetu huletewa miche. Mgeni rasmi hualikwa, wanafunzi husimama mstarini, mashimo ishirini huchimbwa pembezoni mwa uwanja, na kila mche hupewa shimo lake. Miezi sita baadaye, mpita njia huikuta michache tu imesimama. Mmoja umeliwa na mbuzi, mwingine umevunjwa na mpira, na mingine imekauka kwa jua. Mwaka unaofuata shughuli hurudiwa katika mashimo yale yale.

Wiki hii tunapenda kuzungumzia njia nyingine ya kupanda miti, ambayo katika nchi kadhaa imeingia mpaka ndani ya kuta za shule. Tumelichagua jambo hili kwa sababu ya swali lililoulizwa katika kikao cha wazazi wa shule moja yenye madrasa ndani yake. Nyuma ya madarasa kuna kiwanja kitupu, mita 10 kwa mita 10, ambacho mchana huwaka kwa jua na jioni hugeuka jalala. Wapo waliotaka kisakafiwe kwa saruji. Wapo waliotaka vijengwe vibanda vya kupangisha ili mapato yasaidie mishahara ya walimu. Mama mmoja akauliza: kwa nini pasiwe msitu? Baadhi ya watu walicheka wakidhani ni mzaha. Kwa hakika haukuwa mzaha, na swali lile linastahili jibu lenye hesabu ndani yake.

Njia hii ilikotoka

Mwasisi wa njia hii ni Akira Miyawaki, mtaalamu wa mimea wa Japani aliyezaliwa mwaka 1928 na kufariki dunia Julai 2021 akiwa na umri wa miaka 93. Mwaka 1958 alikwenda Ujerumani kusoma kwa Reinhold Tüxen, mwanazuoni aliyekuwa akiwafundisha wanafunzi wake swali moja lenye uzito: lau binadamu angeondoka mahali hapa leo, asirudi tena, ardhi hii ingeotesha nini yenyewe? Miyawaki alirudi kwao na swali hilo, akaizunguka nchi yake akilitafutia jibu. Alikuta kwamba sehemu kubwa ya miti iliyokuwapo siyo ile ambayo ardhi ingeiotesha. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, milima mingi ya Japani ilipandwa sugi na hinoki, miti ya mbao iliyopangwa safu kwa safu. Hadi leo chavua ya sugi huwasumbua Wajapani wengi kwa mafua ya mzio kila majira ya kuchipua yanapofika.

Mabaki ya msitu wa asili aliyapata mahali ambapo watu hawakuthubutu kuingiza shoka, yaani kandokando ya mahekalu ya zamani. Msomaji wa pwani hapa atayakumbuka makaya ya Wamijikenda nchini Kenya, ambayo mwaka 2008 yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Nayo yamesalia kwa sababu hiyo hiyo, kwamba mila ilikataza kukata. Sisi Waislamu pia tunaijua ardhi iliyokatazwa shoka, kwani miti ya mwituni katika eneo la Haram ya Makka haikatwi, na wanazuoni wetu wameandika mengi kuhusu hima, ardhi inayotengwa kwa manufaa ya umma. Itikadi ni mbali mbali, lakini tokeo lake juu ya ardhi hufanana: palipoachwa pasiguswe ndipo penye kumbukumbu ya jinsi nchi ilivyokuwa.

Kutokana na mabaki hayo Miyawaki alikusanya mbegu, akaotesha miche, akaanza kuipanda kwa kuisonganisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya chuma ya Nippon Steel ilimkabidhi ardhi ya kiwanda chake cha Oita, nayo ikawa miongoni mwa sehemu za kwanza alizozigeuza msitu. Alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Yokohama, na mwaka 2006 alitunukiwa nishani ya Blue Planet.

Njia yake ilifika katika viwanja vidogo kwa msaada wa mhandisi wa Kihindi, Shubhendu Sharma. Alikuwa mfanyakazi wa Toyota wakati Miyawaki alipokwenda kupanda msitu katika kiwanda hicho nchini India. Sharma alimsaidia, akajifunza, akaijaribu njia hiyo nyuma ya nyumba yake mwenyewe, kisha akaacha kazi na mwaka 2011 akaanzisha kampuni ya kuotesha misitu, Afforestt. Mwaka 2015 msitu wa kwanza wa namna hii nchini Uholanzi ulipandwa Zaandam, chini ya taasisi ya elimu ya mazingira iitwayo IVN, na shule zikashirikishwa katika kazi hiyo tangu siku ya kupanda. Mwaka 2020 shirika la Earthwatch lilipanda wa kwanza nchini Uingereza, katika mji wa Witney: mita za mraba 200 hivi, sawa na uwanja wa tenisi, zilizobeba miti 600.

Miji ya Waislamu nayo haikubaki nyuma. Mwezi Juni 2015, ndani ya Ramadhani, joto kali liliua zaidi ya watu 1,000 mjini Karachi, Pakistan. Mwaka uliofuata Shahzad Qureshi, mkazi wa mji huo, alianza kupanda msitu wa asili katika bustani ya umma ya mtaa wa Clifton kwa kufuata njia ya Miyawaki. Mjini Amman, Jordan, msanifu majengo Deema Assaf na wenzake walipanda msitu kama huo mwaka 2018 katika mtaa wa Marka, kwenye kipande kisichozidi sana ukubwa wa kiwanja tunachokizungumzia. Kikwazo chao kikubwa kilikuwa kupata miche ya asili, kwani vitalu vya biashara vilijaa miti ya kigeni, ikawabidi watafute mbegu wenyewe porini. Kikwazo hicho, kama tutakavyoona, kinatungoja sisi pia.

Jinsi unavyooteshwa

Kazi ya kwanza ni kuuliza lile swali la Tüxen: ardhi hii ingeotesha nini? Kwa shule iliyo katika ukanda wa pwani, jibu hutafutwa katika mabaki ya misitu ya jirani, kama vile Pugu nje ya Dar es Salaam, Jozani kule Unguja au Ngezi kule Pemba. Jibu hilo mara nyingi hutushangaza. Miti tunayoiona kila siku katika viwanja vyetu ni wageni waliokaribishwa na kuzoeleka. Mwarobaini na mwembe vimetoka upande wa Bara Hindi, mwashoki vivyo hivyo, mkorosho umetoka Brazil, na mkaratusi umetoka Australia. Hatusemi miti hiyo ikatwe, kwani ina manufaa yake. Tunasema tu kwamba si hiyo inayojenga msitu wa hapa.

Miti ya hapa inajulikana kwa majina yetu wenyewe. Katika tabaka la juu kuna mvule, mbambakofi ambao wengine huuita mkongo, na msandarusi, mti ambao utomvu wake ulikuwa bidhaa kubwa ya Zanzibar katika karne ya 19, ukisafirishwa kwenda Ulaya na Marekani kutengenezewa vanishi. Chini yake huja miti ya kimo cha kati, kama mkwaju na mfudu. Halafu miti midogo na vichaka, kama mtopetope-mwitu na mkwamba. Msitu wa Miyawaki hupandwa kwa matabaka hayo yote kwa pamoja, jamii ishirini au zaidi zikichanganywa, ili kila tabaka lichukue mwanga wake na lisidhulumu jingine.

Kazi ya pili ni udongo. Ardhi ya uwanja wa shule imeshindiliwa na miguu ya miaka mingi, na mara nyingi imechanganyika na kokoto na mabaki ya ujenzi. Udongo hulegezwa kwa kina cha takriban mita moja, kisha huchanganywa na samadi iliyooza vizuri, mboji, pumba za mpunga au makumbi ya nazi yaliyosagwa, kwa kutegemea kinachopatikana karibu. Samadi hushikilia rutuba, makumbi hushikilia maji, na pumba huuacha udongo upumue ili mizizi ipenye kwa wepesi. Anayetaka kupunguza gharama asipunguze hapa, kwa maana mche uliopandwa katika ardhi ngumu hauna njia ya kushuka kuyafuata maji.

Umuhimu wa udongo tunao ushahidi wake katika pwani hii hii. Kule Bamburi, karibu na Mombasa, mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kupanda miti katika machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, mahali palipokuwa pamebaki mwamba mtupu. Mivinje ilistahimili, lakini majani yake makavu yalirundikana bila kuoza. Haller akaleta majongoo, wakayala majani hayo na kuyageuza kuwa udongo mweusi. Baada ya hapo ndipo miti mingine ilipopata pa kushika. Njia yake si ya Miyawaki, kwani alianza na mti mmoja mvumilivu na kungoja. Miyawaki yeye huutengeneza udongo kwanza, kisha hupanda jamii zote kwa siku moja. Lakini wote wawili wanakubaliana kwamba msitu huanzia chini ya ardhi.

Kazi ya tatu ni kupanda. Kila mita ya mraba hupewa miche mitatu hadi mitano, bila mistari, bila vipimo sawa, na bila kuweka miche ya jamii moja pamoja. Kwa kiwanja chetu cha mita za mraba 100, hiyo ni miche 300 kwa uchache. Wataalamu hushauri upana wa kiwanja usipungue mita 4, ili ndani pabaki na kivuli cha kweli. Baada ya kupanda, ardhi yote hufunikwa matandazo mazito ya nyasi kavu ili jua lisiukaushe udongo na magugu yasipate nafasi. Kwa miaka miwili au mitatu msitu humwagiliwa na kupaliliwa. Baada ya hapo huachwa. Haupogolewi, haufagiliwi majani wala hautiwi mbolea.

Sababu ya kusonganisha

Mkulima yeyote atasema kwamba mimea iliyosongamana hudhoofika, naye anasema kweli kwa upande wa mahindi. Mkulima anataka kila mmea uzae. Mpanda msitu anataka jambo jingine. Miche iliyokaribiana hugombania mwanga, kwa hiyo hukimbilia juu badala ya kutanuka pembeni. Baada ya misimu michache matawi hukutana, na ardhi iliyo chini hupata kivuli cha kudumu. Udongo ukishapata kivuli hautoi unyevu wake upesi, majani yanayoanguka huoza, na kuvu na wadudu wa ardhini huongezeka na kuilisha mizizi. Magugu yanayopenda jua nayo hufa.

Miche mingine itakufa pia, na wazazi waelezwe hilo mapema. Watafiti wa Kiitalia walioijaribu njia hii katika kisiwa cha Sardinia waliona miti mingi ikifa njiani, huku iliyobaki ikikua haraka kuliko ile iliyopandwa kwa njia walizozizoea. Idadi ya kwanza ya miche ni mtaji wa kuanzia, na kupungua kwake ni sehemu ya hesabu.

Msomaji atakayefuatilia habari hizi atakutana na madai kwamba msitu wa namna hii hukua mara 10 upesi zaidi, husongamana mara 30 zaidi na kuwa na viumbe mara 100 zaidi. Tunashauri nambari hizo zisiandikwe katika barua ya kuomba michango. Hutegemea umelinganisha na nini, na mahali pamoja si sawa na pengine. Tukiahidi kilicho wazi, kwamba patakuwa na kivuli, udongo hai, ndege na vipepeo, na ardhi inayokunywa maji ya mvua badala ya kuyamwaga darasani, tutakuwa tumeahidi mambo tunayoweza kuyaonyesha.

Hesabu ya maji

Msitu huu hufa au huishi katika miezi ya ukame ya miaka miwili ya mwanzo. Tuchukulie kila mche utapewa lita 3, mara mbili kwa wiki. Miche 300 itahitaji lita 900 kila siku ya kumwagilia, yaani lita 1,800 kwa wiki, sawa na ndoo 90 za lita 20. Shule inayonunua maji kwa gari itaiona hesabu hiyo kuwa nzito, na ni nzito kweli.

Lakini shule zetu zina chemchemi ambayo shule nyingine hazina. Wanafunzi 200 wakitawadha kwa ajili ya adhuhuri, kila mmoja akatumia lita 2 tu, kwa siku 5 za masomo hupatikana lita 2,000. Maji hayo leo huishia mtaroni. Ni maji ya twahara, ingawa kwa madhehebu ya Shafi hayatumiki tena kwa udhu, na hayana sabuni wala mafuta kama maji ya jikoni. Mfereji mdogo kutoka mahali pa kutawadhia hadi kwenye tangi, na bomba kutoka tangi hadi kiwanjani, vinatosha kuigeuza ibada ya kila siku kuwa mvua ya msitu. Tunasisitiza tu kwamba wakati wa likizo watawadhaji hawapo, na miche haina likizo. Kamati iandike katika daftari jina la mtu atakayemwagilia mwezi wa Desemba, na jina la atakayeshika zamu yake akiugua. Kama majina hayo hayapo, ni afadhali miche isinunuliwe.

Hoja za wanaopinga

Hoja ya kwanza ni ya vibanda vya kupangisha, nayo si ya kudharauliwa. Mwalimu asiyelipwa hawezi kula kivuli. Msitu hautaleta kodi hata shilingi moja, na mtu asiwadanganye wazazi kwa kuahidi mapato. Lakini hoja hii ipimwe kwa mahali. Kibanda kinataka wateja, na wateja wapo upande wa barabara. Kiwanja cha nyuma ya madarasa hakina mpita njia, na kumpitisha mteja katikati ya watoto ni jambo ambalo mzazi makini hatalikubali. Penye ukuta wa barabarani kamati ijenge vibanda. Nyuma ya madarasa ifikirie msitu. Na ikiwa ardhi ni wakfu, hati yake isomwe kwanza, kwani sharti la aliyeiweka haligeuzwi kwa kura ya kikao. Kivuli cha wanafunzi na darasa la nje haviko mbali na lengo la elimu, lakini wenye kuamua hilo ni wasimamizi wa wakfu na wanazuoni, si mwandishi wa safu ya gazeti.

Hoja ya pili ni nyoka na mbu. Nyoka hufuata panya, na panya hufuata taka. Jalala la sasa ni karibisho kubwa zaidi kuliko miti. Hata hivyo msitu uzungushiwe uzio, pembezoni paachwe ukanda ulio wazi, na njia ya kupita iwe pana na inayoonekana vizuri. Mbu huzaliana katika maji yaliyotuama, kwa hiyo makopo, matairi na tangi lisilofunikwa ndivyo vya kuangaliwa kwanza. Ni kweli pia kwamba mbu wakubwa hupenda kupumzika kwenye kivuli chenye majani. Kwa sababu hiyo msitu haufai kugusa madirisha ya bweni.

Hoja ya tatu ni mizizi. Mvule na mkuyu si miti ya kupandwa karibu na ukuta au shimo la choo. Miti mirefu iwekwe katikati, na vichaka viwe pembezoni, mita kadhaa kutoka kwenye jengo. Penye mwamba wa matumbawe juu juu, kama ilivyo sehemu nyingi za visiwani, kuchimba mita moja hakuwezekani, na pengine jawabu litakuwa ni vichaka vya mwambani, si msitu mrefu. Vivyo hivyo kwa ndugu zetu wa Dodoma na sehemu nyingine kavu za bara. Ardhi ambayo yenyewe ingeotesha nyasi na vichaka vya miiba haitakiwi kulazimishwa kubeba msitu wa pwani. Njia hii ina watu wanaoitumia kila mahali bila kuuliza swali lake la kwanza, na hapo ndipo wakosoaji wake wanapokuwa na haki.

Hoja ya nne tunaitoa sisi wenyewe. Msitu wa mita 100 si badala ya msitu uliopo. Anayepanda miche 300 shuleni huku akipikia mkaa uliotoka katika msitu wa hifadhi ulio jirani, anajaza kikombe huku pipa likivuja. Tofauti ya bei kati ya mkaa na gesi ni mzigo wa kweli kwa familia nyingi na hatuwalaumu maskini, lakini shule yenye jiko kubwa la uji ina uwezo wa kuanza na jiko banifu kabla ya kuanza na miche.

Watoto wanapata nini

Yote hayo yakishapimwa, bado tunaona kwamba mama yule alikuwa na haki ya kuuliza, na tunaegemea upande wake. Sababu kubwa ni watoto. Darasa lenye paa la bati linalopigwa na jua kutoka juu, na kwa pembeni joto la uwanja mweupe, ni mahali pagumu pa kuhifadhi aya au kufanya hesabu saa nane mchana. Miti hupunguza joto kwa njia mbili: huzuia jua lisifike ardhini, na hutoa mvuke kupitia majani yake. Msitu mdogo hautabadilisha hali ya hewa ya mji. Unaweza kubadilisha hali ya ukuta mmoja na madirisha yake, na kwa mtoto anayekaa karibu na dirisha hilo hicho si kidogo.

Halafu kuna elimu yenyewe. Katika misitu ya Earthwatch, wanafunzi na majirani hupima mambo manne: ukuaji wa miti na kaboni inayohifadhi, joto, viumbe wanaokuja, na namna ardhi inavyopokea maji. Hakuna katika hayo jambo linalohitaji maabara. Mwanafunzi wa darasa la tano anaweza kuchukua kopo lililokatwa pande zote mbili, akalidindia kidogo ardhini ndani ya msitu, akamimina nusu lita ya maji na kuhesabu sekunde mpaka yazame. Kisha afanye hivyo hivyo uwanjani palipokanyagwa. Tofauti ya nambari hizo mbili itamfundisha asili ya mafuriko kuliko ukurasa mzima wa kitabu. Kipimajoto kimoja, uzi wa kupimia kimo na daftari la vipepeo vinatosha kwa somo la mwaka mzima.

Na kuna majina. Watoto wetu wa mjini wengi huujua mwembe na mwarobaini, basi. Jina lisilotamkwa hupotea, na likishapotea jina, mti wenyewe hukatwa bila mtu kujua nini kimekatwa. Mtoto aliyepanda mbambakofi kwa mkono wake, na akaambiwa kwamba milango ya nakshi ya mababu zake wa pwani ilichongwa kwa mbao kama hizo, hatausahau.

Kwa kamati itakayoamua kujaribu, kazi ianze mapema. Wakati huu ndio wa kuzungumza na ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu, au kwa wasomaji wa Kenya Taasisi ya Utafiti wa Misitu, kuulizia mbegu na miche ya asili, kwa kuwa vitalu vya barabarani vitawapa mwashoki na maua. Mbegu nyingi za msituni hazitaki kuwekwa muda mrefu, na mche unaofaa ni ule uliojaza kiriba chake kwa mizizi. Udongo uchimbwe na kuchanganywa wiki kadhaa kabla ya mvua, na miche iingie ardhini masika yanapoanza, ili ipate mvua zote kabla ya kusi kukausha nchi. Shule isiyo na uwezo wa mita 100 ianze na 30 na kuzitunza vizuri.

Ama familia zinazosoma ukurasa huu nyumbani, tunaziachia kazi ndogo isiyo na gharama. Wiki hii kila mtoto amwendee babu, bibi au mzee yeyote wa mtaa aliyekaa muda mrefu, amuulize: kabla ya nyumba hizi kujengwa, hapa paliota miti gani, na mlikuwa mkiitumia kwa nini? Majina yaandikwe kama yalivyotamkwa, kwa lahaja ya mzee mwenyewe, pamoja na jina la mtaa. Atakayetuletea orodha hiyo ofisini atakuwa ametupatia sehemu ya jibu la swali la Tüxen ambayo vitabu havina, na wenye jibu hilo wanapungua kila mwaka.

Wabillahi tawfiq.